Msimtwike Mwanafunzi Mkanda

Neno hili wanalisema wazee wa studio za Kadutu, Bukavu, na vijana wanaojifunza upigaji picha kwa video za Kifaransa kwenye simu wanalirudia: anayetaka kuwa mpiga picha wa kweli aanze na refleksi ya filamu. Atafute Pentax kuukuu au Zenit ya Warusi, aweke mkanda wa picha 36, ajifunze kupima mwanga kwa akili yake mwenyewe. Dijitali ataishika baadaye akishakomaa. Mkanda, wanasema, unafundisha nidhamu kwa kuwa kila mfyatuo una bei, na unafundisha subira kwa kuwa huoni ulichopiga. Kamera ya dijitali inazaa watu wa kubonyeza tu.

Kauli hii imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuliza inamsemea nani. Mimi naiuliza nikiwa upande wa kijana wa Kalehe, Kivu Kusini: wa Ihusi, wa Nyabibwe, wa Minova, wa Bunyakiri kule ng'ambo ya msitu wa Kahuzi-Biega, anayetaka kula kwa jasho la picha za harusi, ubatizo, kutoa mahari, na foto pasipoti za wanafunzi. Kwake yeye ushauri huu ni mbaya. Wala haukuharibiwa na kupita kwa wakati. Ulikosea tangu msingi, kwa sababu unaipa filamu sifa ya kazi iliyofanywa na wengine.

Tuanze na kamera yenyewe inayotajwa zaidi. Pentax K1000 ilitoka mwaka 1976 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1997. Katika miaka hiyo ndiyo iliyokuwa kamera ya mwanafunzi katika shule nyingi za picha za Marekani na Ulaya, na hapo ndipo sifa yake ya ualimu ilipozaliwa. Lakini itazame vizuri. Ina kasi kuanzia sekunde moja hadi 1/1000, ina sindano ndogo inayopanda na kushuka ndani ya kioo kukuonyesha kama mwanga unatosha, na baada ya hapo haina jambo. Hata swichi ya kuzima kipima mwanga hawakuiweka; ukitaka betri isiishe, funika lenzi kwa kifuniko chake. Hiyo ni kamera iliyopunguzwa kila kilichoweza kupunguzwa ili iuzwe rahisi. Walimu waliiagiza kwa sababu mzazi wa kawaida aliweza kuilipia na kwa sababu haikuharibika upesi. Bei ndiyo iliyoifanya kamera ya shule. Leo, miaka karibu 30 baada ya kiwanda kuiacha, umaskini wake umegeuzwa falsafa, na kijana wa Kalehe anaambiwa aifuate falsafa hiyo kwa gharama ambayo wenye kuianzisha hawakuilipa.

Wazee wetu hupenda kutaja majina makubwa, na mimi nayapenda majina hayo hayo. Jean Depara, mzaliwa wa Angola aliyeipiga Kinshasa ya usiku kuliko mtu yeyote, alinunua Adox ndogo mwaka 1950 ili apate kumbukumbu ya harusi yake. Malick Sidibé wa Bamako alinunua Brownie Flash mwaka 1956, kisanduku cha Kodak cha watu wasiojua lolote kuhusu picha. Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13, na zile picha zake mwenyewe zilizokuja kumpa jina duniani alizipiga kwa vipande vya mkanda vilivyobaki baada ya wateja, apate cha kumtumia bibi yake Nigeria. Nani kati ya hawa alikuwa na kitu rahisi zaidi mkononi akakiweka kando, akachagua filamu kwa ajili ya nidhamu? Hakuna. Filamu ndiyo iliyokuwepo. Walishika chombo cha bei ya chini kabisa walichokipata, wakaanza kazi kesho yake. Anayetaka kufuata nyayo zao leo atashika kilicho rahisi leo, nacho ni refleksi ya dijitali iliyotumika, ya kizazi cha Canon 1100D au Nikon D3100, ambazo Ulaya sasa zinauzwa kwa bei isiyopishana sana na ya Pentax ya babu.

Kamera, hata hivyo, ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika hesabu hii. Mkanda wa rangi wa picha 36 huko Ulaya na Marekani umefika dola 10 na zaidi. Kuusafisha na kuuskani ni kama kiasi hicho tena. Kwa hiyo kila mfyatuo unazidi nusu dola kabla ya nauli. Mwanafunzi akipiga picha elfu moja, na elfu moja ni kidogo sana kwa mtu anayeanza, amekwisha tumia zaidi ya dola 500. Zaidi ya hapo, mkanda huo unapatikana wapi? Kutoka Kalehe hadi Bukavu ni kilomita kama 60 za barabara ambayo mvua huifanyia inavyotaka. Labo za mjini zilizobaki na kazi zinachapa picha kutoka kwenye simu au fleshi. Kusafisha mkanda wa rangi kunataka dawa ikae kwenye joto la nyuzi 37.8, na dawa ya kwanza ishike dakika 3 na sekunde 15. Digrii moja ikipotea, rangi zinahama. Labo ya namna hiyo haiendeshwi kwa mikanda miwili kwa mwezi. Na tangu waasi wa M23 walipouteka uwanja wa ndege wa Kavumu na mji wa Bukavu wenyewe, Februari 2025, kila kitu kinachotoka mbali kinamsubiri msafiri atakayepita Rwanda, kama yupo, na kama atakubali.

Hapo watetezi wa mkanda hunijibu: safisha nyumbani, tumia mkanda wa mweusi na mweupe. Ni kweli, na nitaongeza jambo ambalo wao hawalitaji. Dawa ya mweusi na mweupe hupenda nyuzi 20, na ukanda wetu wa ziwa, ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari, hauko mbali na joto hilo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mtu wa Dar es Salaam angehitaji barafu. Mtu wa Kalehe anaweza asiihitaji. Lakini dawa zenyewe zinatoka wapi? Nani anachapa karatasi? Na ni bibi harusi yupi wa Minova, aliyelipia kitenge cha rangi tatu, atakayepokea picha zake za rangi ya majivu kwa sababu mpiga picha wake anajenga nidhamu?

Niliyoyasema kuhusu fedha ni mepesi, maana mtu anaweza kujibu kwamba elimu yoyote ina gharama. Basi tuichukulie elimu yenyewe. Mtu hujifunza kupiga picha kwa kukosea, kuliona kosa, na kurudia kabla hali haijabadilika. Hakuna njia nyingine niijuayo. Swali ni muda gani unapita kati ya kosa na kuliona.

Siku matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yanapotangazwa, barabara inajaa vijana waliofaulu. Wamevaa mashati yao meupe ya shule, na wamepakwa poda: nywele, uso, shingo, mpaka kope ni nyeupe. Wanaimba, wanarukaruka, na nyuma yao ziwa linameta kwa jua la mchana. Kipima mwanga cha kamera yoyote, ya filamu au ya dijitali, kinadhani kwamba kinachokitazama kina wastani wa rangi ya kijivu. Kikiona poda, mashati na ziwa, kinasema mwanga ni mwingi mno, na kinakushauri uupunguze. Ukikitii, shati linakuwa kijivu, poda inakuwa vumbi, na mikono ya wale vijana inazama katika giza lisilo na umbo. Dawa yake ni kukikaidi kipimo: ongeza mwanga hatua moja au hata mbili. Jambo hili unaweza kulisoma kwenye kitabu mara kumi. Utalijua siku utakapoliona.

Mwenye dijitali analiona palepale. Anatazama kioo cha nyuma, anashangaa, anafungua lenzi, anapiga tena. Vijana bado wanaruka. Kabla ya jioni amelielewa somo ambalo halitamtoka. Mwenye mkanda anarudi nyumbani akiwa na furaha. Baada ya wiki tatu, msafiri akirudi salama, anapokea picha 36 za giza. Vijana wameshanawa poda zamani, na siku ile haitarudi mpaka mwaka mwingine. Wataniambia alipaswa kuandika kwenye daftari kasi na tundu la lenzi kwa kila picha, ili ajue alikosea wapi. Sawa. Kamera ya dijitali inayaandika hayo yenyewe ndani ya kila picha, bila mtu kusimama katikati ya shangwe akitafuta kalamu.

Subira hii wanayoisifu hata haikuwa desturi ya wazee wenyewe. Sidibé akitoka kwenye dansi za vijana wa Bamako alikuwa anasafisha mikanda usiku uleule, picha ziwe tayari kwa wenyewe kuja kuzichagua. Kabla yake, hapa kwetu Kongo, Antoine Freitas alizunguka Kasai mwaka 1939 na kamera ya sanduku aliyojitengenezea. Wapiga picha wa sanduku wa barabarani, katika miji mingi ya Afrika, walikuwa na dawa ndani ya sanduku lenyewe: mteja anapigwa, anasubiri kidogo, anaondoka na picha ikiwa bado na maji. Hawa hawakusubiri wiki tatu. Shule yao ilikuwa chumba cha giza kilicho hatua chache kutoka kwenye kiti cha mteja. Kijana wa leo anayepewa mkanda bila chumba hicho amepewa nusu ya shule, na ni ile nusu isiyofundisha kitu.

Kuna mafunzo mengine ambayo gharama ya mkanda huyaua kabisa, nayo ni ya kuthubutu. Mtu anayelipa nusu dola kwa kila mfyatuo hupiga kilicho salama: simama hapa, tazama huku, jua liwe mgongoni mwangu, paa. Picha hiyo ataipata kila mara na hatatoka hapo. Nenda ufukweni jioni, mitumbwi ya wavuvi wa sambaza inapoondoka, ile iliyofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu inayobeba nyavu, taa zikiwaka juu ya maji. Hiyo ni mojawapo ya picha nzuri zilizopo katika nchi hii. Pia ni ngumu. Mwanga unakufa, mtumbwi unasogea, wapiga kasia hawatulii. Lazima ujaribu kasi ya 1/30, halafu 1/15, halafu 1/8 ukiwa umeegemea mti, na upandishe wepesi wa kuhisi mwanga hadi 1600 au 3200, na nyingi uzitupe. Mwenye mkanda wa 200 ameufunga wepesi wake tangu asubuhi alipouweka; mchana wa ziwani na kanisa la jioni vyote vitapigwa kwa 200 hadi picha ya 36 iishe. Atakunja mikono na kuwatazama wavuvi wakienda. Nidhamu gani hiyo inayomfundisha mtu kutopiga?

Nimesikia pia kwamba filamu inamfundisha mwanafunzi kuuona mwanga kama ulivyo. Hili linanichekesha kidogo, nikikumbuka filamu za rangi zilitengenezwa kwa ajili ya uso wa nani. Kwa miaka mingi labo za Kodak zilirekebisha rangi kwa kutumia picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyoitwa Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, mashine iko sawa. Uso mweusi haukuwa katika hesabu. Ulipowekwa karibu na uso mweupe, ulitoka macho na meno. Malalamiko yaliyoisukuma kampuni ibadilike katika miaka ya 1970, pamoja na mengine, yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao hawakuridhika na jinsi hudhurungi ya bidhaa zao ilivyotoka. Katika miaka ya 1980, filamu ya Kodak Gold ilipotangazwa, ilisifiwa kwamba inaweza kuonyesha farasi mweusi kwenye mwanga hafifu; hawakuthubutu kusema mtu. Mwaka 1978 hivi, Jean-Luc Godard akiwa Msumbiji kwa kazi ya televisheni ya nchi hiyo changa, alikataa kutumia filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi wa rangi.

Sisemi dijitali ilishuka kutoka mbinguni. Nayo ina mapendeleo yake, na simu nyingi zinaufanya uso wa mtu wa Kalehe uwe mweupe kama ule wa mwanamitindo wa matangazo, bila mwenyewe kuomba. Tofauti ni kwamba kwenye refleksi ya dijitali unauona upotovu ukiwa bado umesimama mbele ya mtu, na unaweza kuurekebisha. Mwanafunzi wa filamu alifundishwa, bila yeye kujua, kwamba kosa ni la ngozi.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa Paris na New York wanaosifu mkanda hawana haja ya kuliwaza. Kamera hapa inaulizwa maswali. Barieri ziko nyingi, wenye bunduki wanabadilika, na anayekusimamisha anataka kujua umepiga nini. Mwenye dijitali anaweza kuwasha kioo na kumwonyesha: bwana harusi, keki, mama mkwe, basi. Mwenye mkanda hana cha kuonyesha. Ana sanduku lililofungwa lenye siri ndani, na mtu mwenye wasiwasi anajua jibu moja tu kwa sanduku la namna hiyo: kulifungua. Ukifunguliwa mgongo wa kamera kwenye jua, harusi nzima imekwisha. Wazee wanaujua mchezo huu tangu enzi za Mobutu. Sielewi kwa nini wanausahau wanapotoa ushauri.

Sasa nidhamu, maana hapo ndipo wote hukimbilia mwishoni. Nakubali ugonjwa upo. Kijana anarudi kutoka harusini na picha 900, hajui ipi nzuri, anamtumia bibi harusi zote 900 kwa WhatsApp, na hakuna hata moja ambayo mtu angeining'iniza ukutani. Nakubali kwamba mpiga picha wa studio wa miaka ya 1980 aliyempiga mama mmoja mara mbili tu alimpiga vizuri zaidi. Lakini nidhamu yake aliifundishwa na nani? Na yule mama. Alikuja studio mara moja kwa mwaka, ameazima hereni, amefunga kilemba kipya, fedha yake iko kwenye kitambaa alichokishika. Picha ikitoka mbaya, mpiga picha angekutana naye sokoni, mbele ya watu. Aliinua kidevu chake kwa kidole, akamwambia shusha bega, akasogeza taa, akamchekesha, na ndipo akafyatua. Filamu ilikuwa ndani ya kamera wakati hayo yakitokea, na kwa kuwa ilikuwa humo imepewa sifa zote. Ni kama kumsifu punda kwa ladha ya ndizi alizozibeba.

Yule mteja bado yupo Kalehe. Mpeleke kijana kwake, umwambie atalipwa kwa picha iliyochapwa kwenye karatasi tu, na umnyang'anye lenzi ya kuvuta umpe ya milimita 50 isiyovuta, ili atembee kwa miguu yake mwenyewe kumkaribia mtu au kumwacha. Umwambie aweke kamera kwenye M na asiiguse tena alama nyingine. Jioni akae nawe, mtazame picha 60, abakishe 5, na aseme kwa mdomo wake kwa nini amezibakisha. Baada ya miezi michache atakuwa na kila kitu mnachodai mkanda ungempa, na atakuwa amelala njaa mara chache zaidi. Kazi hii, lakini, inamtaka mzee akae pale. Naanza kushuku kwamba ndiyo sababu mkanda unapendwa: ni mwalimu asiyelipwa, anayepewa lawama zote mwanafunzi akishindwa.

Nimeacha hoja yao yenye nguvu kuliko zote, nayo sitaipuuza. Wanasema negativu inadumu. Kadi ya kumbukumbu inakufa, simu inaibiwa, mtandao unafunga akaunti, na picha za miaka kumi zinapotea kwa dakika. Wakati sanduku la negativu lililokaa pakavu linaweza kufunguliwa na wajukuu. Hapo wamesema kweli. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, inakumbukwa leo kwa sababu negativu zilitunzwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana, na mji mzima unaweza kujitazama humo. Ni studio ngapi za Kivu zilizokuwa na masanduku kama hayo, yakaliwa na panya, yakaungua, au yakatupwa mwenye nyumba alipotaka chumba chake?

Tarehe 4 Mei 2023 mito ilifurika, ikashuka na udongo na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, hapa hapa katika wilaya ya Kalehe. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Katika matanga yetu picha ya marehemu hutangulia mbele ya jeneza. Mara nyingi ni foto pasipoti iliyokuzwa, maana ndiyo pekee iliyopo. Familia iliyopoteza nyumba siku ile ilipoteza picha za ukutani, albamu ya harusi, negativu kama zilikuwepo, na simu, vyote pamoja. Tope halikuuliza ipi ni filamu na ipi ni dijitali. Kilichoweza kubaki ni kile kilichokuwa na nakala mahali pengine: kwa dada aliyeko Goma, kwa mpiga picha aliyeko mjini, kwenye diski iliyofungiwa kabatini kwa paroko.

Basi hoja ya kudumu ni kweli, lakini inahusu kutunza. Haihusu mtu aanze kujifunza na nini. Na katika kutunza, mkanda una nakala moja tu ya asili, wakati faili inaweza kuwa na nakala tatu katika miji mitatu kabla jua halijazama. Tunachokosa ni tabia. Kama wazee wanataka kuwarithisha vijana kitu kutoka enzi za filamu, wawarithishe ile tabia ya kuandika jina na tarehe nyuma ya bahasha na kuiweka sandukuni kwa mpangilio, na ile ya kuchapa. Picha iliyochapwa na kupewa watu watatu ina nafasi nzuri ya kuokoka kuliko negativu yoyote iliyoko kwenye nyumba ya miti bondeni.

Na umeme? Wanapenda kutukumbusha kwamba Pentax inafyatua hata betri ikifa, na sehemu kubwa ya Kalehe haina nguzo ya SNEL, shirika la umeme. Ndiyo, ila kila sentre yenye soko ina mtu mwenye paneli za jua anayecharji simu za watu, na betri ya kamera haina tofauti kwake. Betri mbili zinatosha harusi ya siku mbili. Kwa upande mwingine, ule mkanda usiohitaji umeme wakati wa kupigwa unauhitaji kila hatua baada ya hapo: kupasha dawa, kuskani, kuchapa. Na picha yake ikikamilika inaishia wapi? Inatumwa kwa WhatsApp kama nyingine zote.

Sina ugomvi na filamu. Duniani imerudi kwa nguvu. Juni 2024 Pentax yenyewe ilitoa kamera mpya ya mkanda, Pentax 17, kwa dola karibu 500, na walioinunua wengi wana kamera nyingine nyumbani na mshahara kila mwisho wa mwezi. Ni starehe halali. Kijana wetu akishakuwa na wateja na akitaka kuonja chumba cha giza, aonje, na nitafurahi kuona alichokileta. Lakini wapiga picha wa Kivu ambao dunia imewatazama miaka hii, akina Pamela Tulizo aliyepata tuzo ya vijana ya Dior mwaka 2020, Arlette Bashizi, Moses Sawasawa, Raissa Karama Rwizibuka, hakuna mhariri aliyewauliza kwanza walianza na mkanda gani. Waliulizwa wameona nini.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa Bukavu wanaosoma haya: mnayo elimu ambayo hakuna video itakayoitoa, ya kumkalisha mtu, ya kusoma uso, ya kujua dirisha lipi litumike saa tisa mchana. Itoeni bila kuweka mkanda mlangoni kama kodi ya kuingilia. Na ninyi ndugu zetu mlioko Brussels, Paris na Montréal, mnaporudi likizo mkitaka kumletea mpwa wenu wa Kalehe kamera, iacheni Pentax dukani. Mleteeni mwili wa dijitali uliotumika, lenzi moja ya milimita 50, betri mbili, na fedha ya kuchapa picha zake mia moja za kwanza.